Kabla ya Kulipia Kozi ya Mtandaoni, Jipime

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha mtandaoni, kipate hati yake ya kuanzishwa Agosti 2023, vijana wa hapa Bumula huniuliza: nisomee nyumbani, au nikapange chumba Bungoma mjini? Nimesoma mtandaoni nikiwa hapa hapa kijijini, na kabla ya habari za simu na bando, mimi huwauliza: ukipewa kitabu leo na mtihani ni mwezi ujao, unakifungua lini?

Anayekifungua wiki hiyo hiyo bila kusukumwa, mtandao utamfaa. Anayengoja mwalimu amwulize, huyo si mvivu. Amezoea kusoma mbele ya watu, na darasa la Chuo Kikuu cha Kibabii litamfaa zaidi.

Jaribu bila kulipa. OpenLearn, ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ina kozi fupi za bure. Fuata moja kwa wiki mbili, saa ile ile utakayosomea baadaye, uchovu wako ukiwa pale pale. Mimi husoma alfajiri kabla ya kukama, maana jioni za masika stima haitabiriki. Pakua maandishi, video humaliza bando.

Kila somo likiisha, funga simu uandike ulichoelewa kwa maneno yako. Ukiona daftari limejaa maneno ya mwalimu tu, huenda wewe huelewa kwa kuuliza na kubishana. Tafuta mwenzako wa kozi mkutane siku ya soko Kimaeti. Mimi ninaye, na mengi nimeyaelewa tukibishana naye.

Kama somo ni la mikono, mfano kuunganisha nyaya za umeme, usijisumbue na mtandao: nenda chuo cha ufundi cha Sang'alo au Kitale National Polytechnic ushike vifaa.

Kubwa kuliko yote ni watu wa nyumbani. Ukiinamia simu wanaona unachati, kwa hiyo unatumwa maji, unatumwa posho mill. Zungumza nao mapema. Mimi nilimwambia mama mkwe, "Mama, mpaka saa moja asubuhi niko darasani," nikamwonyesha somo lenyewe. Sasa yeye ndiye huwafukuza watoto mlangoni. Kama kwako saa hiyo haipatikani wakati wa palizi, ngoja mahindi yavunwe ndipo ujisajili.