MOSHI KATIKA DAMU: TUJIFUNZE KUSOMA CRP

Mwaka huu sikukuletea hadithi wala shairi. Nimekuletea somo, na somo lenyewe lilianza nyumbani kwetu kabla halijafika darasa la Baiolojia.

Mwezi wa Juni 2021 serikali ilizitaja kaunti 13 za magharibi na eneo la Ziwa Victoria kuwa zimelemewa na korona. Kisii na Nyamira zilikuwemo, na kafyu ikawa inaanza saa moja jioni. Siku hizo ndipo nyanya yangu alipolazwa, akipumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia la majani chai. Alipimwa puani, akapatikana na korona.

Shangazi alipoona karatasi ya maabara imeandikwa "CRP 96" alishika kichwa. "Woi! Presha imepanda!" Papo hapo akapiga chumvi marufuku. Kumbe wapi! Haikuwa presha hata kidogo.

CRP ni nini?

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Virusi wakiingia mapafuni, askari wa mwili hupigana nao. Mahali pa vita huvimba na kupata joto. Askari hao hutuma wajumbe kwenye damu, na mjumbe mmoja mkubwa anaitwa intaleukini-6. Akifika kwenye ini, ini huanza kumwaga CRP. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 10 kwa lita. Mgonjwa mahututi anaweza kupita 100.

Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Herufi C ilitokana na sehemu ya ukuta wa bakteria wa nimonia ambayo protini hiyo huishika.

Mbona madaktari wanaipenda? Ni kwa sababu ina mbio. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 8 hivi, na hufika kileleni kwa siku mbili. Moto ukizimika, hupungua nusu kwa muda usiofika siku moja. Kipimo cha zamani cha ESR, ambapo damu husimamishwa katika mrija kwa saa moja ili kuona chembe zimeshuka milimita ngapi, huchelewa kurudi chini hata mgonjwa akiwa amepata nafuu.

Alama nyingine

CRP haitembei peke yake. Katika korona kali, feritini, ambayo ni protini ya kuhifadhi madini ya chuma, hupanda. D-daima nayo hupanda, na hiyo ni vipande vinavyobaki damu iliyoganda ikiyeyushwa. Lakini limfosaiti, ambazo ni aina ya chembe nyeupe, hupungua.

Vita vikizidi, mwili hujiumiza wenyewe, na mapafu hujaa maji. Ndiyo maana utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, Juni 2020, uliwafurahisha wengi. Deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza vita hivyo, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja kwa waliopumulia mashine, na kwa moja kwa tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwa hivyo si dawa ya kununua dukani ukianza kukohoa!

Tahadhari

Ukiona moshi juu ya paa la jirani, unajua kuna moto. Hujui kama anapika ugali au nyumba inaungua. CRP ni vivyo hivyo. Huku kwetu malaria huipandisha, na nimonia ya bakteria pia. Haitaji jina la ugonjwa. Ni lazima isomwe pamoja na kipimo cha virusi, kipimo cha malaria na oksijeni.

Sasa turudi kwa nyanya. Siku ya tatu aliketi kitandani akaitisha uji. Baba mdogo akasema, "Daktari, si amepona? Bili inapanda, twende nyumbani." Daktari akamwonyesha karatasi mpya: CRP 168. Kisha akamtembeza nyanya hatua chache akiwa na kile kifaa cha kidoleni, na oksijeni ikashuka. "Mzee, uji ni dalili njema," akasema, "lakini moto bado."

Baba mdogo alinyamaza, akaenda kuuza ndama. Siku ya sita CRP ilikuwa 41, na nyanya alitembea hadi dirishani bila kuhema. Siku ya tisa alirudi nyumbani. Sisemi nambari ndiyo iliyomponya, la hasha! Oksijeni, dawa na wauguzi ndio waliofanya kazi. Nambari ilituzuia tu tusimtoe mapema.

Wahenga walisema, usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi. Mwenzangu, ukipewa karatasi ya maabara usiikunje mfukoni. Uliza, "Daktari, hii maana yake nini? Jana ilikuwa ngapi?"

Zoezi

1. Mgonjwa ana CRP 120. Je, hiyo yatosha kusema ana korona? Eleza.
2. CRP ikitoka 96 kwenda 168, na mgonjwa anaomba uji, utamshauri nini baba yake mdogo?
3. Kwa nini shangazi hakufaa kuficha chumvi?

(Nyanya ameniomba niseme kwamba chumvi ilirudi.)