MBWA ALIYEDHANIWA MVIVU

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, hasa wafugao mbwa, jambo nililojifunza likizo ya mwisho wa mwaka.

Baba mdogo anaye mbwa wa aina ya Doberman, jina lake Simba, umri wake miaka 6. Zamani mwizi hakuthubutu kuusogelea ua wetu. Lakini safari hii nilimkuta amenenepa, ingawa chakula chake hakikuongezwa. Kutwa alilala juani, na mgeni akipiga hodi hakuinuka. Manyoya yalikuwa yamepukutika mbavuni pande zote mbili na mkiani, wala hakujikuna.

Baba mdogo akasema, "Huyu amekuwa mvivu. Nitamwondoa nitafute mwingine."

Nikamsihi, "Baba, tumwonyeshe kwanza daktari wa mifugo." Akakubali.

Daktari aliusikiliza moyo wa Simba, akaona unapiga polepole. Akatoa damu ikapimwe, kisha akatufundisha hivi.

Shingoni mwa mbwa, kama mwetu, mna tezi iitwayo thairoidi. Kazi yake ni kutoa homoni ya thairoksini, ambayo huuhimiza mwili kutumia chakula upate joto na nguvu. Homoni hiyo ikipungua, mwili huwa kama jiko lililokosa kuni: mnyama hunenepa, huona baridi, na manyoya hayaoti upya. Mara nyingi sababu ni askari wa mwili wenyewe, ambao huigeukia tezi na kuiharibu. Mbwa wa umri wa kati ndio wapatwao zaidi.

Majibu yalionyesha kuwa thairoksini ilikuwa kidogo, na ile homoni itokayo chini ya ubongo kuiamrisha tezi ilikuwa nyingi. Yafaa zote mbili zitazamwe pamoja, kwa maana magonjwa mengine pia huweza kupunguza thairoksini hali tezi ni nzima.

Elimu hii ina deni kwa mbwa. Mwaka 1884 Moritz Schiff, mtaalamu aliyefundisha Geneva, alionyesha kwamba mbwa aliyeondolewa tezi aweza kuokoka akipandikizwa tezi nyingine tumboni. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akafaulu kuitenga thairoksini yenyewe. Siku hizi hutengenezwa vidonge.

Simba alianza kupewa vidonge asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili hivi, mtu alipiga hodi, naye akaruka akabweka! Baba mdogo alicheka mpaka machozi. Manyoya yalichukua miezi kadhaa kurudi. Dawa atakunywa maisha yake yote, na damu hupimwa tena ili kipimo cha dawa kiwe sawa. Ikizidi, mbwa hukonda, hunywa maji mno na kukosa utulivu. Kwa hiyo mtu asikisie dawa mwenyewe.

Basi, wenzangu, tusimwite mvivu kiumbe asiyeweza kujieleza kabla hajapimwa.

Mwanafunzi, Kidato cha III