Somo la Wiki: Maili Kumi, Si Kumi na Mbili

Andiko: Matendo 5:1-11

Wengi wenu mliniahidi shilingi 100 kwa kila maili ya siku ile nitakayotembea Uingereza, kwa ajili ya mfuko wetu wa wagonjwa. Ninawaletea hesabu.

Mfereji unaitwa Kennet and Avon, maili 87 kutoka Bristol hadi Reading. Tulipita ile njia ya kando ambayo zamani farasi walitembea wakivuta mashua kwa kamba. Farasi mmoja majini alivuta tani 30 na zaidi, mzigo ambao barabarani asingeweza hata kuutikisa. Baadaye mfereji uliharibika, ukafungwa sehemu nyingi, na watu wa kujitolea wakachanga na kuchimba miaka mingi mpaka ukafunguliwa tena mwaka 1990. Kwa hivyo hata njia yenyewe ni matunda ya mchango.

Siku ya tatu tulitoka Bradford on Avon kwenda Devizes, maili 12 hivi. Njia ni tambarare, bata wengi, matope kidogo. Nami nilikuwa na viatu vipya! (Mlinionya, sikusikia.) Kufika Semington lengelenge limepasuka. Kufika Seend nachechemea kama mbuzi aliyechomwa na mwiba. Gari la kusaidia watembezi likasimama, mzee dereva akasema, "Panda, kijana, nikushushe chini ya kilima." Nikapanda. Hapo hakuna dhambi.

Kilima ni Caen Hill. Mashua hupandishwa mita 72 kwa vyumba vya maji 29, na 16 kati yake vimepangwa mstari mmoja kama ngazi. Inaingia chumbani, mlango unafungwa nyuma, maji yanaachiliwa kutoka juu, inainuka pole pole, halafu chumba kinachofuata. Kazi ya saa tano au sita, na hakuna chumba unachoweza kuruka. Nilipanda kando yake kwa miguu, nikisaga meno.

Juu, Devizes, watu wanapiga makofi. Dada wa kadi akaniuliza, "Kumi na mbili?" Nikasema ndiyo.

Kusema ukweli, sikufikiria hata kidogo. Ilitoka tu. Jioni nikatuma picha kwa WhatsApp, nanyi mkajibu, "Hongera mtumishi!" Kila hongera ilinichoma kuliko lile lengelenge. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamtafuta yule dada, nikamwomba akate 12 aandike 10. Alicheka, akasema ni maili mbili tu. Lakini akakata.

Tunapomsoma Anania huwa tunakimbilia kifo chake. Rudini kwa maneno ya Petro. Shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mkononi mwake. Angeleta nusu na kusema ni nusu, angepokelewa. Mimi nami ningesema kumi, nani angenilaumu na mguu ule?

Waliotuma 1,200, shilingi 200 zenu ziko kwa mweka hazina, chukueni Jumapili. Mama mmoja ameshakataa, anasema zibaki kwa wagonjwa. Sawa, lakini ziandikwe kwa jina lake, si kwa miguu yangu.

Kwa ushirika wa nyumbani: Safira aliulizwa bei kabla hajajua yaliyompata mumewe. Kwa nini Petro alimuuliza?