Msafiri na Yule Amwongozaye

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40; Luka 10:1–9



Kila mwaka watu wa sharika zetu huondoka makwao. Mwinjilisti hupelekwa mtaa ambao lugha yake haijui. Kijana huenda mjini kutafuta kazi. Binti huolewa katika nyumba ya kabila lingine. Nasi twawaombea wasipatwe na hatari njiani, na ni vema. Walakini iko hatari nyingine tuisahauyo katika maombi yetu, nayo ni kufika salama huku macho yamefumbwa. Basi na tuulize leo: Mkristo awapo mgeni, imempasa kuwa mtu wa namna gani?

Tumtazame kwanza yule towashi wa Kushi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kuitunza hazina ya malkia wake, naye alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu akisoma chuo cha nabii Isaya. Alipoulizwa kama anafahamu asomayo, hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Mtazameni na Filipo pia. Hakuliamuru gari lisimame. Alikaribia, akasikia kwanza, akauliza, kisha akangoja hata alipokaribishwa kupanda. Naye alianza kuhubiri kutoka andiko lile lile alilolikuta mkononi mwa mwenzake. Hapo twaona wasafiri wawili, na kila mmoja alimpa mwenziwe nafasi. Kwa ajili hiyo Neno lilipata njia.

Sasa tutoe mfano katika khabari za nchi yetu. Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, akafika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, kumsaidia Krapf katika kazi ya Injili. Mwezi wa Aprili mwaka 1848 alishika njia ya kwenda Uchagani, akiongozwa na mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu, akadhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake, naye pia akasema ni wingu. Walipokwenda hatua chache zaidi moyo wake haukutulia, akauliza mara ya pili. Kiongozi akajibu kwamba pale lipo wingu, bali kile cheupe hakijui ni nini. Alidhani ni baridi. Ndipo Rebmann alipotambua kwamba ni theluji, kitu alichokizoea tangu utoto wake.

Ndugu, litafakarini jibu la yule kiongozi. Hakujidai kujua asilolijua, wala hakunyamaza kwa hofu ya mgeni. Naye mgeni hakumdharau kwa kuwa hakulijua jina la theluji, maana neno lile la baridi lilikuwa kweli. Mmoja alikuwa na macho ya nchi, mwingine alikuwa na kumbukumbu ya kwao, na mambo hayo mawili yalipokutana, kweli ilionekana. Walipoketi kupumzika, Rebmann alisoma Zaburi ya 111, isemayo juu ya ukuu wa matendo ya Bwana.

Khabari hiyo ilipochapwa Ulaya mwaka 1849, bwana mmoja wa London, mwenye elimu nyingi ya ramani, jina lake William Desborough Cooley, aliikataa. Yeye hakuwa amekanyaga nchi hii hata siku moja. Alikuwa na vitabu vyake, akaviona vyatosha. Alishindana na ushuhuda huo miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima kwa sehemu, mwaka 1861 na 1862, na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Ubaya wake haukuwa kusoma vitabu. Ubaya wake ulikuwa kuhukumu mahali asipopajua, na kukataa kumsikia aliyepaona.

Tusimcheke upesi Bwana Cooley, maana nasi tumekaa kitini pake. Mwaka mmoja tulikwenda kuhubiri katika usharika wa ndugu zetu Wamasai, nao walitupokea katika nyumba ya mzee mmoja. Tukaletewa maziwa katika kibuyu. Tulipoyainua tulisikia harufu ya moshi, tukasema mioyoni kwamba chombo hiki hakikuoshwa. Tukashukuru kwa midomo, tukakiweka chini. Jioni ile tulifundisha juu ya upendo wa ndugu, na watu walitusikiliza kwa adabu, lakini maneno yetu yalikuwa mazito kama mawe.

Tulipokuwa tukienda kulala, mwinjilisti wa pale alituambia jambo. Vibuyu vile husafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni, ili maziwa yasiharibike upesi. Tena alisema kwamba ule ulikuwa wakati wa kiangazi, na nyumba ile ilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamuliwa. Asubuhi tukarudi kwa mzee, tukamwomba radhi, tukaomba maziwa. Akasema, “Mchungaji, ya jana wameyanywa watoto, na leo hakuna. Ukirudi, utakunywa.” Hakuwa na hasira. Lakini sisi tuliondoka tukijua kwamba Bwana alikwisha kuwaagiza wale sabini kula vitu wawekewavyo, nasi tulilisoma agizo hilo mara nyingi tusilishike.

Labda mtu atauliza, “Je, kila desturi ni njema?” La. Mtume atuagiza kujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Lakini ajaribuye huchunguza kwanza. Paulo mwenyewe huko Athene alipita akizitazama ibada zao kabla ya kusimama na kusema. Basi mwinjilisti mgeni na awaulize wazee maana ya jambo kabla ya kulikemea. Mama mkwe na amwulize mke wa mwanawe, “Kwenu hufanyaje?” kabla ya kusema hajui kupika. Naye arudiye kutoka mjini asituletee masimulizi juu ya makabila ya watu, ambayo hakuyaona kwa macho yake.

Tumalizie kwa Rebmann. Alikaa katika nchi hii miaka 29 pasipo kurudi kwao, akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Macho yake yakapofuka. Mwaka 1875 alipovuka bahari kurudi Ujerumani, alifuatana na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, mwana wa Abe Ngoa, akimwongoza. Yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro aliingia katika nchi yake mwenyewe kwa mkono wa Mwafrika, akafa huko Korntal mwaka 1876. Hata wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, wote wawili walikuwa wamekwisha kufanya sehemu yao, yeye aliyetangulia na yeye aliyemshika mkono.

Kila aliye kiongozi leo, kesho atakuwa mwenye kuongozwa. Heri ajifunzaye kuongozwa akali na macho.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Filipo alifanya mambo gani kabla ya kufungua kinywa chake kuhubiri?
2. Ni desturi gani ya jirani zetu tuliyoihukumu pasipo kuuliza? Tutamwuliza nani juma hili?
3. Ni nani aliyewekewa chakula cha mwisho nyumbani, nasi tukakikataa? Twaweza kurudi kwake?