Kulinda Nyumba Wakati wa Maradhi

Nchi ya Dodoma ni uwanda wa juu, penye jua kali na mvua chache. Mvua zake hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha ukavu huingia. Mwezi wa Machi mtama na uwele huwa na masuke, na watoto husaidia kuamia mashamba, yaani kuwafukuza ndege wasile nafaka. Majira hayo ndiyo yaliyokuwa yamefika mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Tanzania.

Tarehe 11 Machi ya mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Tanzania ameonekana huko Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kwamba shule zifungwe. Basi wanafunzi wakarudi kwao. Lakini watu wazima waliendelea kwenda shambani, sokoni na kazini. Kwa hiyo kuizuia Korona ikawa kazi ya kila nyumba.

Angalieni sasa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Katika nyumba zetu zimo desturi nyingi njema. Mgeni akifika, twampa mkono na kumwuliza habari za watu wake na za ng'ombe wake. Wakati wa chakula twanawa katika bakuli moja, kisha twaizunguka sahani moja, twamega ugali wa uwele na kuuchovya katika mlenda. Mtu akiugua, jirani huja kukaa naye. Mtu akifa, wengi hukusanyika msibani. Desturi hizi ni alama za upendo. Lakini Korona nayo hupita katika njia hizo hizo. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, au hata akisema tu, pumzi yake hutoka na matone madogo mno yenye virusi, na aliye karibu huyavuta. Tena mtu aweza kuwaambukiza wengine kabla hajajisikia mgonjwa. Watoto wengi hawakuugua sana, bali wazee wengi waliugua vibaya. Hivyo mtoto mwenye nguvu zake aliweza kumletea bibi yake mauti pasipo kujua.

Je, ilipasa watu waache upendo na heshima? Sivyo. Iliwapasa kubadili njia ya kuvionyesha. Mtoto aliyetaka kumlinda babu yake alisimama mbali kidogo, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mbukwa, babu!" Naye babu akaitikia, wala heshima haikupungua. Chakula kilipakuliwa katika sahani ya kila mtu. Mgeni alikaribishwa chini ya mti, wala si ndani ya nyumba. Jambo hili la mwisho lilikuwa na faida kubwa kuliko watu wengi walivyodhani. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, huwa na madirisha madogo, na pumzi za watu hukaa ndani yake. Kivulini mwa mti upepo huzitawanya. Siku zile watu walihimizwa zaidi kunawa mikono; baadaye wataalamu walithibitisha kwamba Korona huenea hasa kwa hewa.

Hata hivyo kunawa kwafaa sana, maana huzuia maradhi mengi. Virusi vya Korona vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo, kama iondoavyo mafuta chunguni. Yafaa kusugua mikono kwa sekunde 20. Lakini maji ya bakuli moja hupokea uchafu wa kila anayenawa. Maji yatiririkayo ndiyo mema, na mahali penye uhaba wa maji kibuyu chirizi husaidia.

Twaa dumu la lita 5. Toboa tundu dogo kwa msumari wa moto, karibu na mdomo wake. Tia maji, yasifike tunduni. Pitisha kijiti katika mkono wa dumu, ukilaze juu ya miti miwili yenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kingine kilicho chini. Ukikikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika kidogo kidogo, ukikiachia, hukoma. Hivyo mikono haigusi chombo, wala maji hayapotei bure.

Maradhi ya namna hii hayakuja Ugogo mara moja tu. Mwaka 1918, mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mafua makali yalienea duniani na kuua mamilioni ya watu. Yalifika Ugogo wakati wa njaa kuu iliyoitwa Mtunya, baada ya majeshi ya Wadachi na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa walipatwa na homa, wala hawakujua asili yake. Maana virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933 tu. Mwaka 2020 watu walijua adui ni nani na apita wapi. Lakini ujuzi hauokoi mtu mpaka utendwe nyumbani.

Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020. Ninyi mnaosoma somo hili, msingoje janga jingine. Mwenye kikohozi na azibe kinywa, afungue dirisha, akae mbali na wazee. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI

1. Kwa nini desturi njema za nyumbani ziliweza kueneza Korona?
2. Kwa nini ilikuwa heri kumkaribisha mgeni chini ya mti?
3. Eleza jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi.
4. Watu wa mwaka 2020 walijua jambo gani wasilolijua watu wa mwaka 1918?