Ustawi wa Wote: Bunge la Marekani Linaishia Wapi?

Wengi wetu tulipofika huku tulishangaa: kijana wa miaka 20 anapiga kura, anakwenda vitani, lakini bia dukani hauziwi. Ukiuliza, utaambiwa ni sheria ya Washington. Siyo hasa. Umri huo umewekwa na majimbo yenyewe, na jinsi yalivyofikishwa hapo ni somo zuri la katiba.

Ibara ya 1, kifungu cha 8, inalipa Bunge la Marekani uwezo wa kutoza kodi ili kulipa madeni na kugharamia ulinzi na ustawi wa wote. Hayo maneno "ustawi wa wote" yamezua ubishi tangu mwanzo. James Madison alishikilia kwamba hayaongezi kitu: fedha zitumike kwa yale tu yaliyotajwa kwenye kifungu, kama posta na jeshi. Alexander Hamilton akasema la, zitumike kwa lolote lenye faida kwa nchi nzima. Na Madison hakuwa anatania. Tarehe 3 Machi 1817, akiwa anaaga urais, alikataa muswada wa barabara na mifereji, ingawa alikiri umuhimu wake. (Sisi wahandisi hapo tungelala njaa!)

Mwaka 1936, katika kesi ya Butler, Mahakama ya Juu ilikubali tafsiri ya Hamilton. Lakini angalieni vizuri: huo ni uwezo wa kutumia fedha, siyo wa kuamrisha watu.

Ndipo Bunge likapata njia ya kuzunguka. Mwaka 1984 liliyaambia majimbo: mkiruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe, tunawakata fedha za barabara. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia bia nyepesi vijana wa miaka 19, ilishtaki ikashindwa mwaka 1987. Majaji waliona asilimia 5 ni ushawishi tu, tena ajali za walevi zinahusiana na barabara.

Mwaka 2012 mambo yakageuka. Sheria ya afya ya Obama ilitishia kuyanyima majimbo fedha zote za Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, yakigoma kuipanua. Majaji 7 kati ya 9 wakasema huko ni kulazimishana. Sasa kati ya asilimia 5 na zote, mpaka uko wapi? Mahakama haikutaja namba, jambo ambalo kwa mtu wa vipimo kama mimi linaudhi kweli. Texas ikagoma, New York ikapanua. Maskini yule yule akawa na bima kwenye jimbo moja, na kwenye jingine hana.