Kwaresima Jikoni: Mfungo ni wa Wawili



Kwaresima moja, miaka michache baada ya ndoa yetu, nilitangaza nyumbani kwamba siku za Jumatano na Ijumaa tutakula vyakula vya shambani tu. Mimi ni katekista, na niliona yanipasa kuonyesha mfano. Mke wangu hakupinga. Alipika githeri juma la kwanza, akapika githeri juma la pili. Juma la tatu nikasukuma sahani na kusema, "Chakula hiki hakina ladha."

Ijumaa iliyofuata nilipitia sokoni na marafiki, nikala nyama ya mbuzi. Nilipofika nyumbani, ndengu zangu zilikuwa zimefunikwa mezani. Nikasema nimeshiba. Mke wangu alisikia harufu ya nyama, akaniambia polepole: "Baba watoto, mfungo ni wako, lakini kazi ni yangu. Mimi ndiye niliyeamka saa kumi na moja kuwasha moto. Sasa watoto niwaambie umekula nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa muyafikirie pamoja, mume na mke.

1. Kubalianeni kwanza

Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, awafundisha mume na mke kwamba wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda ili wasali. Anasema juu ya kitanda, lakini hekima hiyo yafaa jikoni pia. Mfungo ambao mmoja ameamuru na mwingine amebebeshwa huleta manung'uniko. Basi kabla ya Jumatano ya Majivu, ketini pamoja mkaulizane: tutakula nini, nani atapika, na fedha zinatosha?

2. Fahamuni sheria ya Kanisa

Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga na kujinyima nyama. Siku hizo twala mlo mmoja kamili, na milo mingine miwili midogo. Ijumaa zote za Kwaresima twajinyima nyama. Kanuni ya 1252 yasema kujinyima nyama kwawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga kwawahusu waliotimiza miaka 18, hadi wanapotimiza miaka 59. Mayai, maziwa na samaki havikukatazwa. Kwa hiyo jamaa wakichagua mboga na nafaka tu, hiyo ni sadaka yao ya hiari. Mgonjwa, mama mjamzito na anayenyonyesha wasijilazimishe kupunguza chakula.

3. Pikeni chakula chenye ladha na nguvu

Kujinyima si kula vibaya. Danieli na wenzake watatu walikula mboga na kunywa maji siku 10, na nyuso zao zikapendeza (Danieli 1). Jaribuni hivi:

Githeri ya siku mbili. Lowekeni vikombe 2 vya mahindi makavu na vikombe 2 vya maharagwe usiku kucha. Mwageni maji hayo, tieni mengine, mchemshe mpaka viive kabisa. Siku ya kwanza kaangeni nusu kwa kitunguu, nyanya, karoti na sukuma wiki. Siku ya pili pondeni nusu iliyobaki pamoja na viazi na majani ya malenge yaliyochemshwa. Hapo mmepata mukimo, na moto wa kuchemshia mahindi mmewasha mara moja tu.

Ndengu. Chambueni vikombe 2, mwoshe, mloweke, kisha mchemshe hadi zilainike. Kaangeni kitunguu 1 na nyanya 3, mwagieni ndengu, tieni chumvi na dania. Mwenye nazi atie tui. Zafaa kwa chapati au wali.

Kunde na njugu. Chemsheni majani ya kunde. Sagani nusu kikombe cha njugu karanga zilizokaangwa, mkoroge kwa maji kidogo, mtie katika mboga na kuacha zichemke polepole. Kuleni na ugali.

Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja huujenga mwili vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Ndimu au nyanya husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga, bali chai inayonywewa pamoja na chakula huyapunguza. Chai ingoje kidogo.

4. Gawaneni kazi

Baba, ukitaka mfungo, shika ungo. Ijumaa ile iliyofuata nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto, kisha nikaketi nao kuchambua ndengu. Majirani walicheka kidogo. Lakini jioni hiyo tulisali Njia ya Msalaba sote kwa pamoja, wala hakuna aliyekuwa amechoka kuliko mwenzake.

5. Fedha za nyama zina mwenyewe

Nabii Isaya, sura ya 58, aonyesha kwamba mfungo ampendao Mungu ni kumgawia mwenye njaa. Pesa ambazo zingenunua nyama wekeni katika kopo, mzihesabu pamoja, na mpatane juu ya mjane au mgonjwa atakayezipokea. Zikirudi mfukoni mwa baba, hatukufunga. Tulipunguza matumizi tu.

Maswali ya kujadili nyumbani:

(a) Katika nyumba yetu, ni nani hubeba uzito wa mfungo?
(b) Je, ninayokula nikiwa mbali na nyumbani, naweza kuyasema mezani?
(c) Ijumaa ijayo tutapika nini, na kila mmoja atafanya kazi gani?

Mungu awabariki, na Pasaka iwakute mkiwa mmepatana.